Meza ya Bi Ashura katika Soko la Bukoba

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia: Ma Clotilda Kahangwa alizaliwa Kamachumu tarehe 14 Machi 1952, akasoma hukohuko hadi darasa la nne mwaka 1964, na tarehe 9 Januari 1971 akaolewa Rubya na marehemu Rwegasira, wakajaliwa mtoto mmoja, Jovina, aliye hapa nasi.

Mumewe alipofariki mwaka 1983 alishuka Bukoba kuuza amwani, kahawa yetu ya kutafuna, katika soko la zamani, uwanja wa matope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, ulionuka dagaa, ndizi mbivu na, Novemba ikifika, senene, panzi wetu wa kuliwa, ambako watu walikwenda hata siku wasiyo na cha kununua, maana habari za mji zilianzia pale. Alikaa meza moja na Bi Ashura Riyadhi, muuza vitumbua, miaka thelathini na minane, na kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alimtilia mwenzake punje chache za amwani mkononi, kama sisi Wahaya tunavyomkaribisha mtu.

Tarehe 2 Agosti 2021 soko lilihamishwa ili livunjwe, meza mpya zikagawiwa kwa kura. Bi Ashura alikuwa mgonjwa, Ma Clotilda akachukua karatasi moja ya kura kwa jina la Bi Ashura, akidhani wawili wa meza moja wanahesabiwa pamoja kama zamani, kumbe kila mmoja alitakiwa kuchukua ya kwake, basi yeye akabaki bila meza, na wiki hiyo Bi Ashura akapelekwa na mwanawe Tanga. Tulimsihi Ma Clotilda aikalie meza ile ya mwenzake mpaka tukachoka, kichwa kigumu kama mnavyomjua, simu hana wala haitaki, akawa anaifuta kila asubuhi, anaweka punje juu yake, kisha anatoka kuuzia nje, kwenye mabati yaliyozungushiwa uwanja wa zamani. Alikuwa mpweke, tusifichane.

Alianza kuumwa moyo Novemba 2024, akalazwa, na kila siku aliuliza kama Ashura amerudi, hadi alipofariki tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi.

Bi Ashura amefika jana. Anasema alipona mwaka uleule wa 2021, ila hakurudi, akiamini mwenzake ndiye anayekalia meza na kwamba akirudi angemwondoa, naye ameomba tumsomee neno lake: "Clotilda, nilikuachia wewe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Rubya, na wenzake wa sokoni waliofunika meza zao leo kwa heshima yake. Ile moja imekuwa wazi miaka yote.

Ma Clotilda, mwenzako amekuja, pumzika kwa amani.