Sikio Anastaafu, Pikapu ya Mkunga Imepanda

Leo Ijumaa, baada ya miaka thelathini na mmoja chini ya magari ya watu, fundi wetu maarufu kama Sikio, bingwa wa difu, ile gia inayogawia matairi ya nyuma nguvu, anastaafu. Nimepewa wasifu huu niuandike kwa sababu mbili: amemwoa dada yangu, na karakana nzima hakuna anayeniweza kwa maneno.

Alikuja hapa kijana mwembamba, akisimama nyuma ya spana unamtafuta. Aliyemfundisha kazi ni mimi, ingawa yeye husema nilimwonyesha choo kilipo, basi. Jina la Sikio alilipata akiwa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara. Lori likapita, akasikia meno ya difu yakilia, akatoka mbio na nusu ya kichwa haijanyolewa, akalisimamisha. Anayedhani nimetia chumvi amuulize kinyozi, bado anaisubiri ile nusu.

Lakini wiki hii ndiyo imetuonyesha yeye ni nani. Mkunga wa zahanati ya mlimani alileta pikapu yake, difu imekufa. Tukamfungia ya mtumba, ile aina isiyoacha tairi moja lizunguke bure kwenye tope huku la pili limelala. Tukainua nyuma yote kwa jeki, tukazungusha tairi moja. La pili likafuata upande uleule, dalili kwamba difu inashika. Tukapeana mikono. Mvua ilikuwa njiani, na mama huyo ana wajawazito wanaomsubiri.

Sikio akakataa kutoa ufunguo. Nikamwambia, "Shemeji, matairi yenyewe yamekubaliana, wewe unabishana na nani?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Kufuatana si kushikana, shemeji. Shusha moja."

Tukashusha moja likakanyaga sakafu. Lililobaki juu akalizungusha kwa spana ya kupimia nguvu, gia ikiwa huru. Likaachia kabla ya kufika hata nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wengine tukasingizia oili. Akaimwaga, akatia inayostahili, akazunguka na pikapu uani mpaka kuku wa jirani wakashikwa na kizunguzungu. Akapima tena: yaleyale. Basi akaifungua. Sahani za ndani, zinazotakiwa kung'ang'aniana, zilikuwa laini kama kigae cha bafuni.

Bosi akamwambia awaachie wengine, yeye akapige pasi suti. Wapi! Alitia sahani mpya, akaipanga difu yote kwa mikono yake. Juzi tairi lilipogoma kuachia mpaka kipimo cha kitabu kikatimia, ndipo akaomba chai. Jana mkunga alipanda kilima cha nyuma ya karakana, tairi moja likiwa topeni, akaunganisha moja kwa moja kazini.

Shemeji, asante kwa kila gari lililorudi nyumbani. Sisi wenzako tunakuombea uzee mtamu, usingizi wa mchana na afya ya chuma. Na ukisikia mtoto kazaliwa mlimani siku ya mvua kubwa, ujue mkunga alifika.