Kikombe cha Nne cha Mzee Krita

Hebu jiwekee picha hii kichwani. Ni siku ya mnada Karatu, saa tatu asubuhi, na ukungu wa Ngorongoro bado haujaamua kuondoka. Nje ya kibanda cha Ally muuza kahawa kuna benchi lililong'olewa kwenye Landrova ya watalii iliyokufa zamani. Hapo ameketi Mzee Hilary, aitwaye Krita, kwa kuwa alipeleka watalii kreta, lile bonde la Ngorongoro, miaka thelathini. Kahawa ameilima maisha yake yote, lakini hakuwahi kuinywa. Kwake, kama kwa majirani, kahawa huuzwa na watu hunywa chai ya maziwa. Leo yuko kikombe cha tatu. Sababu anaijua mwenyewe: jana jioni alimtazama binti yake, na jina likakataa kuja. Akamwita "wewe mama". Binti akacheka, akidhani ni utani.

— Redio imesema, alianza Piusi, ambaye kijiweni naye huitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Wataalamu wanachunguza. Mnywa kahawa huenda akaepuka ule ugonjwa wa kusahau.

— Huenda? aliuliza Hilary.

— Huenda. Nimelisikia kwa masikio yangu mawili.

— Ally, niongeze.

Ally akamimina kikombe cha nne.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, mzee wangu. Kunywa tu. Ila kahawa ni habari ya juzi. Habari ya leo ni hii hapa.

Akagonga chupa yake mpya ya chai, iliyojaa maziwa ya soya.

— Soya ni mmea. Tembo anakula nini? Mimea. Umewahi kumwona tembo akitafuta miwani?

Hilary alifikiri kwa dhati kabisa.

— Miaka thelathini, sijamwona.

— Nyati naye anakula majani, alisema Piusi, mbona akili hana?

— Anakula bila kuchagua. Wazungu kule hotelini wanachagua, wanakunywa mpaka maziwa ya lozi. Ndiyo maana yule mmoja alirudi baada ya miaka kumi akamwita Krita kwa jina.

— Si ni yule ambaye Krita alimlaza kwenye tope usiku kucha, gari lilipokwama? alisema Piusi. Huyo hata angekunywa maji ya betri asingemsahau.

Wakacheka. Hilary naye akacheka, akachelewa kidogo.

Pembeni alikuwa Ngoitiko, mfugaji aliyeshuka na dume lake mnadani, akaliuza mapema. Piusi akamgeukia.

— Ninyi wafugaji mnachemsha mizizi kwenye supu. Ndiyo inayowakumbusha ng'ombe wote wale, au siyo?

— Supu ni tamu tu, alisema Ngoitiko. Ng'ombe nawakumbuka kwa kuwa kila jioni nasimama langoni nawatazama wakiingia, mmoja mmoja. Asiyeingia, namtafuta.

Ndipo akafika Mama Laurencia, jirani yao mjane, na ndoo tupu mkononi.

— Hamjambo wazee. Nina swali dogo. Jumapili, kwenye benchi hili hili, ni akina nani walisema leo alfajiri watakuja kunichumia kahawa?

Redio ikazimika. Ally akachungulia ndani ya chupa ya soya kana kwamba jibu limezama humo.

— Imeiva mpaka inadondoka, alisema mama kwa upole.

Hilary aliwatazama wenzake, kifua kikawa chepesi. Kumbe wote husahau. Akacheka hadi kahawa ikamwagika, na katikati ya kicheko maneno yakamtoka.

— Mama, hawa wamesahau kazi. Mimi jana nilisahau jina la binti yangu, Angela.

Hakuna aliyecheka. Mama Laurencia akaketi kando yake.

— Kusahau kazi ni uvivu, dawa yake ninayo.

Akampa Piusi ndoo.

— Hilo la Angela si la benchi, shemeji. Marehemu wangu alianza hivyo hivyo, nami nikamcheka mwaka mzima. Jumatatu nitakusindikiza hospitali. Pengine ni jambo dogo. Tukaambiwe na wanaojua.

— Nije na kahawa shambani? aliuliza Ally.

— Njoo na mikono.

Wakaondoka. Ngoitiko, ambaye hakuwa ameahidi chochote, akafuata nyuma na fimbo yake, kama anayehakikisha hakuna anayepotea njiani. Kikombe cha nne kilibaki benchini, nusu. Hilary alifika kwenye kona, akasimama, akamsubiri Mama Laurencia amfikie.

— Mama, mengine nitajitahidi mwenyewe. Wewe nikumbukie moja tu: Jumatatu.