Mbuzi Mawe Wasiokimbia

KARIBU
Mgeni rasmi, na nyote mliopanda hadi hapa mkihema, karibuni. Anayenizidi umri, shikamoo, waliobaki, marahaba. Wenzangu wamenipa mimi bibi yao nisome risala hii, kwa kuwa sina cheo cha kunyang'anywa.

TULIKOTOKA
Sisi ni akina mama na akina baba wa kijiji hiki. Kazi yetu ni kupeleka wageni juu miambani wakawatazame mbuzi mawe, wale swala wadogo wanaosimama kwa ncha za kwato kama bibi harusi aliyebanwa na viatu. Zamani ukichungulia tu, dume anapiga mluzi, familia nzima inapotelea kwenye magenge. Basi tukawazoesha. Kila asubuhi tulivaa makoti ya kijivu, tukaketi kwenye mwamba uleule, tukiimba wimbo mmoja polepole. Mwanzoni walikimbia. Baadaye wakaja kula majani miguuni petu.

MAFANIKIO
Wageni walijaa. Watoto wetu walipata sare, zahanati ikaezekwa bati. Hatukatai, tulineemeka.

CHANGAMOTO
Kitendawili! Mgeni rasmi, unatakiwa useme "tega". Ninaye mlinzi asiyekula wala kulala, nikimfukuza, nimekufa. Usihangaike, mwanangu: ni hofu. Mbuzi mawe walikuwa naye, tukamfukuza sisi.

Masika yaliyopita mtu alivaa koti la kijivu, akaketi kwenye mwamba wetu, akaimba wimbo wetu. Wakamsogelea. Hakuhitaji bunduki, rungu lilimtosha. Tulipofika tulikuta damu, na mtoto mmoja wa mbuzi mawe amesimama pale alipoangukia mamaye. Alituona, akaanza kutufuata. Hakupiga mluzi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyo ni mkwe wa mweka hazina wetu. Polisi wanaye, lakini makoti ya kijivu yanauzwa kila duka, na wimbo ule hata watoto wa chekechea wanaujua. Familia mbili tu za mbuzi mawe ndizo zilizobaki.

MAOMBI
Tunajua umekuja kuzindua jukwaa la kutazamia wanyama, na kwamba tuliliomba wenyewe. Juzi tulikaa tukabishana hadi sauti zikakauka. Mweka hazina akaniuliza, "Bibi, mlima ukifungwa tutakula mawe?"

Nikamwambia, "Tukiendelea hivi, mwanangu, mawe ndiyo tutakayobaki nayo."

Alilia, kisha akanyoosha mkono pamoja na wenzake.

Tunaomba njia ya miambani ifungwe, kwa wageni na kwetu sisi, mpaka wanyama hao watuogope tena. Askari wa wanyamapori walinde huku chini, wasipande, wasije wakazoeleka nao. Kuhusu tutakachokula hatukuandika kitu; tuliona haya. Wewe mwenyewe una macho.

Utepe huo tumeufunga kwa heshima yako. Tafadhali usiukate.

Mungu akushushe mlima salama, uwakute wanao wazima, na akupe usingizi mwema baada ya maneno haya.

Ni sisi,
Kikundi cha Watazamaji wa Miambani