Kumuaga Verna Stidham, Aliyepungukiwa Alama Nne

Mheshimiwa Jaji wa Kaunti, Mchungaji Hensley na mama mchungaji, Ndugu Mwenyekiti wa kituo chetu cha ushauri nasaha, wafanyakazi wenzangu, majirani mliopika, na wewe Dada Verna uliyekaa hapo mbele ukitamani niwe nimeshamaliza.

Nimeombwa niseme maneno ya furaha. Mwenyekiti amenishika mkono pale mlangoni akaninong'oneza, "Odell, watu wamekuja kula maharagwe na mkate wa mahindi, usituharibie siku." Maneno hayo ya furaha nimeyatafuta tangu Jumapili, sikuyapata. Leo saa kumi na moja jioni leseni ya muda ya Verna Stidham inakwisha, na kuanzia hapo akikaa na mtu kumsikiliza shida zake kama mshauri, atakuwa anavunja sheria. Hiyo ndiyo sherehe yetu.

Wengi wenu mnamjua tangu akiwa mpishi wa shule. Alipomzika mdogo wake, aliyemalizwa na uraibu wa vidonge vya kutuliza maumivu ya mgongo aliyoyapata mgodini, alirudi darasani akiwa na miaka arobaini na moja. Akasoma, akahitimu, akaja kwetu. Kwa utaratibu wa jimbo letu, mhitimu hufanya kazi chini ya msimamizi mpaka afaulu mtihani wa leseni, na asipofaulu ndani ya muda aliopewa, basi. Msimamizi wake nilikuwa mimi. Kwa miaka sita amewasikiliza watu wa mabonde haya, watu ambao kwangu walikuwa wakija mara moja na hawarudi. Nani humu hamjui mtu aliye hai leo kwa sababu ya Verna? Msininyoshee mikono, mtazameni yeye tu.

Kila Alhamisi mchana tulikaa jikoni pale kituoni, yeye, mimi na lundo la kadi za maswali. Nadharia alizimeza zote, na majina ya waliozitunga. Taabu ilikuwa visa. Namsomea: mama wa miaka hamsini amefiwa na mume wiki iliyopita, halali, halii, mshauri afanye nini kwanza? Yanafuata majibu manne. Verna ananiuliza, "Mzee, mbona hawajasema kama amekula?" Namwambia hilo halimo. "Na kaja na nani?" Halimo pia, Verna, chagua. "Sasa nitachaguaje na sijamwona hata uso?" Nikamtania kwamba mpishi ni mpishi tu, hata umvalishe joho. Tukacheka sana, na ninaona haya kwamba tulicheka.

Mara ya kwanza alipungukiwa alama nne. Alikuwa ameendesha gari kwa muda wa saa tatu kuvuka milima hadi kwenye chumba cha mtihani, akavuliwa saa na koti, akakaguliwa hadi mikono ya sweta, akarudi na karatasi inayosema hakufaulu. Nami nikamwambia maneno ambayo nimekuja kuyatubu mbele yenu. Nilimwambia, "Ukikwama, msahau aliyetunga mtihani. Mkumbuke mteja wako mmoja unayemjua, ufanye kama unavyofanya naye." Akanitii. Mara ya pili alipungukiwa saba. Ya tatu, tisa. Ya nne, mwezi uliopita, kumi na tatu. Kadiri alivyonisikiliza ndivyo alivyozidi kuzama, na mimi nikazidi kumwambia yaleyale kwa sauti ya mtu anayejua.

Nilijuaje? Ndugu zangu, sikujua. Mtihani huu sijawahi kuufanya maishani mwangu. Sheria ya leseni ilipopitishwa, sisi tuliokuwa kazini tayari tuliambiwa tujaze fomu, na leseni zikatujia kwa posta. Miaka mitano iliyopita Verna aliniuliza, "Mzee, wewe ulifaulu mara ya ngapi?" Nikamjibu, "Ya kwanza." Nilijidanganya kwamba namtia moyo. Wiki iliyopita mshauri mmoja wa kituo cha jirani, aliyeufanya mtihani huo mwaka huu, akanieleza kwamba jambo la kwanza walilofundishwa ni kumsahau kila mteja waliyewahi kumwona, kwa kuwa mtu wa kwenye swali hana maisha nje ya mistari ile, na jibu limo humohumo. Nilikaa garini nikashindwa kuwasha.

Verna, naona umeweka kijiko chini. Siombi unisamehe hapa, maana mbele ya watu utalazimika kunisamehe. Bodi nimeiandikia, nikaeleza kosa langu. Wamejibu kwa adabu kwamba muda wako ni muda wako.

Wateja wako thelathini na mmoja wamehamishiwa kwangu. Nimewapigia mmoja mmoja, na tisa wamenikatia simu. Mmoja, ambaye jina lake siwezi kulitaja, aliuliza unahamia kituo gani. Nikamwambia huhamii popote. Akasema, "Basi na mimi nimefika mwisho, mzee. Asante kwa kupiga." Nimefanya yote ambayo kazi inanitaka nifanye kwa mtu aliyesema hivyo, na leo asubuhi nilikwenda kwake mwenyewe. Hakunifungulia. Alisema kutoka ndani, "Nenda nyumbani, Odell. Mimi nilikuwa nazungumza na Verna." Nilisimama pale barazani na elimu yangu yote. Amebaki na dada yake, na dada mwenyewe anamwogopa.

Waheshimiwa, sasa ni saa kumi na robo. Kwake ni mwendo wa dakika kumi. Verna, wewe bado ni mshauri kwa dakika arobaini na tano, na unamjua ninayemsema. Chukua gari langu, liko karibu na mlango. Saa kumi na moja ikifika itabidi uinuke uondoke hata kama yuko katikati ya sentensi, na sijui atakayeimalizia ni nani.

Ninyi wengine naomba msogeze viti apite. Nashukuru kwa masikio yenu, mimi nimemaliza.