Miaka Tisa kwa Wote: Kumuaga Mwalimu Lusubilo Kibona

Mwalimu Lusubilo Kibona amefundisha watoto wa nchi hii kwa miaka ishirini na minane, na tarehe 31 Desemba 1958 atakabidhi chaki. Mimi, Boazi Simbeye, mwalimu mwenzake na jirani yake tangu alipofika Tunduma, nimepewa kazi ya kuandika wasifu wake kwenye karatasi hii ya sherehe. Nimeambiwa uwe wa kuchangamsha. Nitajitahidi.

Alizaliwa Ibaba, akaanza kazi mwaka 1930 katika shule ya chumba kimoja cha udongo kule Mbangala. Mwaka 1938 alihamishiwa Kamsamba. Joto la huko lilimtesa mtu huyu wa milimani, lakini ndege walimtesa zaidi, maana mpunga ukianza kuiva darasa zima liliitwa mashambani kuwafukuza. Mwalimu hakugombana na wazazi. Alihamishia masomo huko huko, akawa anapita kwenye majaruba akiuliza hesabu za kuzidisha kwa sauti, na watoto wakimjibu kutoka juu ya vichanja vyao. Mkaguzi alimkuta na matope mpaka magotini, akaandika taarifa ndefu isiyo na sifa hata moja. Wanafunzi wa mwaka ule wote walivuka darasa.

Hapa Tunduma alifika mwaka 1950. Januari iliyofuata darasa la kwanza lilitakiwa kuwa na watoto arobaini, la sivyo lifungwe. Walipatikana ishirini na tisa. Cheti cha kuzaliwa hakuna aliyekuwa nacho, kwa hiyo mtoto alipimwa kwa mkono: aupitishe juu ya kichwa, akigusa sikio la upande wa pili, basi amefikia umri wa shule. Mwalimu akawaambia wazazi wawalete hata wadogo. Asiyefikia sikio aliinamishwa shingo kidogo, akafikia. Na kwa kuwa mkaguzi alitaka watoto wanaoweza kushika jembe la bustani ya shule, Mwalimu aliwaandika wadogo wote kumi na mmoja kuwa wana miaka tisa. Tulicheka sana siku ile. Mwanangu Mika alikuwa na miaka sita, na aliyemwinamisha shingo ni mimi.

Darasa likapona. Shule ya kati ilipofunguliwa mwaka 1955, Mwalimu alipanda nalo, akawafundisha Kiingereza, kilimo na kuimba. Kuimba kwenyewe tusikuzungumzie, maana sauti yake iliwahi kumkatisha mchungaji sala. Mkewe, mama Tulinagwe, aliwapikia uji watoto waliotoka mbali, na hakuna aliyemwomba kufanya hivyo. Mwaka huu watoto wale walikuwa darasa la nane la kwanza tangu shule ianze.

Septemba ukaja waraka: mwanafunzi aliyetimiza miaka kumi na sita asipelekwe darasa la tisa. Mwalimu aliusoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Mtihani ulifanyika, na waliopata alama za kuendelea walikuwa watano. Wote watano walikuwa katika wale walioandikwa miaka tisa, na sasa kitabu cha shule kiliwapa kumi na sita. Jenista, binti wa Kasiani muuza chumvi, alikuwa wa kwanza, na Mika wangu wa pili.

Mwalimu alivaa koti lake la kanisani, akapanda lori hadi ofisi ya elimu Mbeya, akakiri kwamba umri ule aliuandika yeye na haukuwa wa kweli. Aliomba watoto watazamwe upya, hata meno yao tu. Alijibiwa kwamba kitabu cha shule hakiwezi kusahihishwa kwa neno la mtu aliyekiri kusema uongo. Watoto wakabaki na miaka yao kumi na sita, naye akapewa barua ya kustaafu huku amebakiza miaka sita ya kazi.

Sitadanganya katika karatasi hii: hatuna furaha. Jenista ameshaposwa. Mika ana miaka kumi na mitatu, na anamsubiri mjomba wake wa Nakonde ampeleke migodini mwezi wa kwanza. Nilipomkatalia nikisema bado ni mtoto, alinijibu kwa upole: "Baba, kitabu kimesema nimekua." Nimewafundisha watoto hawa hesabu miaka yote hii, na sioni tena nawafundishia nini.

Kuna jambo moja ambalo Mwalimu hataki liandikwe. Kule Mbeya aliulizwa kama kuna mwalimu mwingine aliyejua habari ya umri ule. Akajibu kwamba alikuwa peke yake. Siku hiyo mimi nilikuwa nyumbani nasahihisha madaftari, na kila mstari nilimwomba Mungu Mwalimu asinitaje. Hakunitaja. Aliporudi alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama Mika amekula. Naona aibu hata kuandika haya, lakini wasifu wake bila haya ungekuwa uongo mwingine.

Mwalimu Lusubilo, wazazi na wanafunzi wanakushukuru, na wote wanakuombea wewe na mama Tulinagwe afya njema na uzee wenye amani huko Ibaba. Mimi nakushukuru pia, ila sijui nikutazame vipi. Januari kiti chako nitakikalia mimi.