Dole Gumba Si la Kuazimwa

Sogeeni, wanangu, kaeni hapa kwenye ukingo wa kitanda, na wewe kitinda mimba usisimame mlangoni kama mgeni anayengoja kufukuzwa, maana leo nina maneno, na pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kuyasema mara mbili. Kabla ya yote, tazameni mkono wangu. Nilipomeza dawa saa nne asubuhi kidole gumba hiki kilikuwa safi. Nimeamka saa tisa, kina wino wa buluu hadi kwenye ukucha. Miaka arobaini nashona magodoro, sijapata kuona pamba inayotoa wino. Nani kanishika mkono nikiwa usingizini?

Usimtazame dada yako. Jibu wewe.

Haya, nimekusikia. Unasema ni yule rafiki yako mwenye viatu vinavyong'aa, aliyeketi karakanani sasa hivi akingoja chai, na kwamba ana mradi wa kutoa ruzuku kwa wafanyabiashara wadogo, na leo ndiyo siku ya mwisho, na hukutaka kunisumbua. Ilete hiyo karatasi. Ilete, sitakuchapa, mkono wenyewe hauna nguvu ya kuua mbu. Nawe dada mtu, kifungua mimba wangu, msomi wetu, tusomee kwa sauti, wala usiruke hata yale maneno ya chini yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Rudia hapo. "Karakana na kiwanja chake vitakuwa dhamana." Mmesikia? Msaada gani huo unaotaka dhamana? Anayekupa maji ya kunywa hakuombi kwanza funguo za nyumba. Na ada ya kufungua faili umeshamlipa? Umelipa. Nilijua tu. Ichaneni, vipande vidogo vidogo, hapa hapa nikiona.

Nyamazeni kidogo. Huo ni mlango wa karakana. Ameondoka bila kuaga na chai yake haijachemka. Mtoaji wa kweli hakimbii swali, wanangu.

Usilie, kitinda. Najua ulitaka kunipeleka hospitali kubwa. Wala mimi sina mdomo wa kukusema, na hapo ndipo wosia wangu ulipo. Habari za magodoro na sindano zitafuata. Wewe mwana wa marehemu mdogo wangu, uliyejibanza nyuma ya wenzako kama kawaida yako, njoo mbele. Maneno haya ni yako.

Ulikuwa na miaka saba alipokuja mtaani yule tuliyempa jina la Bwana Bure, kwa kuwa neno hilo halikumwisha mdomoni: mafunzo bure, mtaji bure, mashine ya kuchambua pamba bure. Alikuwa na faili chini ya kwapa na picha za watu wanaocheka. Mimi wakati huo nachambua pamba kwa vidole, usiku vinaniwaka moto, na mashine niliitaka kama mgonjwa anavyotaka kupona. Akaniambia, "Mama, jina lako limepita, imebaki hati ya kiwanja tu, tuione kwa siku mbili." Mimi nilikuwa mpangaji, hati ningeitoa wapi? Mwenye hati alikuwa mama yako, aliyeachiwa kiwanja na baba yako, na nilimwomba, akakataa. Alisema, "Dada, mimi huyu mtu simwamini, macho yake yanahesabu mabati ya nyumba." Nikamwona mwoga, nikamwona ana choyo.

Sasa nisikilize, na usinikatize, kwa sababu nikikatizwa sitapata ujasiri wa kurudia. Watu wote wa ukoo huu wanajua kwamba mama yako alimpa Bwana Bure hati kwa mkono wake, akatapeliwa, kiwanja kikauzwa, wakaja watu na kufuli wakamtoa nje na vyombo vyake. Umekua ukiitwa mtoto wa yule mjinga. Si kweli. Hati alikuwa ameificha ndani ya godoro lake, godoro nililolishona mimi, na siku alipokwenda kisimani nilifumua mshono wa pembeni, nikaitoa, nikashona tena, nikampelekea Bwana Bure. Watu walipouliza nilikuwa wa kwanza kusema, "Kajitakia mwenyewe." Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Yeye alijua. Kila mshonaji ana mkono wake, na mimi fundo langu hulipitisha uzi mara tatu. Alinyamaza miaka kumi na moja, na siku alipokuwa anakata roho ndipo aliponivuta sikio, akaniambia, "Dada, mshono wako naujua. Nilinyamaza kwa sababu mwanangu anakula kwako."

Nipeni maji. Taratibu.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana alipokuja yule binti wa ofisi ya biashara ndogo, nilimtoa mbio na sindano ya godoro mkononi. Akarudi. Nikamfukuza. Mara ya tatu akasimama ng'ambo ya barabara akapaza sauti, "Mama, usiniamini mimi! Njoo ofisini, dirisha la tatu, uje na mtu anayejua kusoma, na hati usije nayo!" Neno hilo la mwisho lilinishinda. Nilikwenda na dada yenu, tukakaa kwenye benchi asubuhi tatu mfululizo, tunatazama tu nani anaingia na nini na anatoka na nini. Fomu haikuwa na bei. Aliyesema ngoja nikafikiri aliambiwa karibu tena kesho. Fundi viatu aliyesaidiwa mwaka uliotangulia tulimfuata hadi kibandani kwake, tukamhoji kama askari, naye akacheka akatuonyesha cherehani. Mashine yetu ilipokuja, bado nililala kando yake mwezi mzima, nikingoja waje kuichukua. Hawakuja.

Kwa hiyo sikatazi msaada. Mwenye kukataa kila mkono atazama peke yake. Ninachokataza ni haraka, na aibu ya kuuliza. Kesho asubuhi nendeni wote watatu dirisha la tatu, mwulizieni huyu mwenye viatu, na mkitoka hapo mkatoe taarifa polisi. Kitinda, utaeleza wewe, kwa mdomo wako.

Karakana ni yenu watatu, isiuzwe, isiwekwe dhamana. Mashine na chumba cha mbele ni vya mwana wa mdogo wangu, na dada yenu aandike hivyo leo. Dole nitalitia mwenyewe, nikiwa macho, mbele ya jirani zetu mkunga na mwuza mkaa. Na siku ya kunizika, kabla ya sifa zozote, kifungua mimba asimame aseme mbele ya ukoo ni nani aliyeiba ile hati. Niahidi. Kwa sauti... Vema.

Nawe mwanangu, najua unataka kuniambia umenisamehe. Usiniambie leo. Jibu la mbele ya mgonjwa ni la huruma, na mimi... nitalishuku, ndivyo nilivyo. Nenda nalo. Lilale kwako mwaka, hata miwili. Likikomaa, uje uliseme kaburini, na kama ni hapana... useme hapana, nitakusikia vile vile.

Mungu awape macho, wanangu. Awape riziki isiyo na... isiyo na mtego. Mpendane. Mkono wangu... nani kaushika? Ni wewe, mwana wa mdogo wangu? Basi. Usiuachie.