Mashine ya Mama Kristiana Irudishiwe Viungo Vyake

Mama Kristiana Sikazwe anastaafu leo, Jumatano tarehe 30 Juni 2004, baada ya kuutumikia ushirika wetu wa mazao kwa miaka ishirini, tangu ulipofufuliwa hapa Sumbawanga. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Flavian wa ghalani, ambaye nyote mnaniita Mjomba hata mlionizidi umri, niandike wasifu wake, kwa sababu hakuna aliyefanya naye kazi muda mrefu kuliko mimi. Wameniomba uwe mfupi na wa kuchekesha. Pa kuchekesha mtacheka. Kwingine mtanivumilia, maana nina hasira, na ushahidi wa hasira hiyo mmeushika mikononi. Karatasi hii imechapwa kwa taipureta ya zamani, kwa vidole vyangu viwili, na kurudufiwa kwa stensili. Wino unawachafulia nguo za sherehe. Ofisi yenye kompyuta na printa inatoa programu ya namna hii! Sababu nitaieleza, na wahusika wakae mkao wa kusikiliza.

Mama Kristiana alikuja kwetu akiwa mpiga chapa. Hajawahi kuwa mnyenyekevu, na hatutamsingizia leo. Siku ya kwanza alimwambia katibu wa wakati ule kwamba barua zake zina makosa, na kwamba kama hataki kusahihishwa basi azichape mwenyewe. Sauti yake ilisikika hadi ghalani, na ghala letu lina kuta za kuzuia risasi. Wapiga chapa walikuwa watatu. Soko huria lilipoingia, walanguzi wakaanza kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, ushirika ukakonda, wawili wakapunguzwa. Akabaki yeye, na kazi za watatu akazifanya peke yake huku akilalamika kwa sauti ya watatu.

Mwaka 1997 wafadhili walitupa kompyuta. Nani aliifuata Tunduma? Mimi. Niliibeba mapajani njia nzima, maana barabara ile mnaijua. Karibu na Laela lori lilizama kwenye tope mpaka kwenye vioo. Dereva alishaanza kusali. Nikashuka, kompyuta nikaishika kwa mkono wa kushoto, kwa bega la kulia nikalisukuma lori likatoka. Dereva yule yuko hai, anaishi Mbeya, aulizwe. Nasema haya mjue kwamba mashine hiyo haikuokotwa. Ilifika hapa kwa jasho.

Ilipofunguliwa kwenye boksi, wengi tuliangalia uso wake, yaani skrini. Mama Kristiana aliizungusha akaangalia mgongo. Alikuwa amepelekwa Mbeya kwenye mafunzo, na fundi aliyewafundisha, Theodory, aliwaambia kwamba mwenye kuijua kompyuta huanza nyuma, kwa sababu kila kinachoingia na kutoka hupitia huko. Nyuma kulikuwa na matundu ya kila aina. La umeme, nene, lenye meno matatu. La skrini, lenye safu tatu za vitundu vidogo. Refu la printa, upande mmoja mrefu kuliko mwingine ili plagi isiingie kichwa chini. La waya wa simu. Na mawili ya mviringo yanayofanana kama mapacha: moja la kibodi, jingine la mausi.

Hao mapacha walitutesa. Kila ofisi ilipofagiliwa, waya zilichomolewa, na kila ziliporudishwa, kibodi iliingia kwa mausi na mausi kwa kibodi. Mashine inawaka, inalia, inakataa. Siku moja Mama Kristiana mwenyewe, kwa hasira, alilazimisha plagi ya skrini ikiwa imepinda, pini moja ikalala. Ofisi nzima ikaona kijani wiki nzima. Niliinyoosha mimi, kwa sindano ya kushonea magunia, mkono hautikisiki, na rangi zote zikarudi. Nadhani ziliongezeka.

Baada ya hapo ndipo alipofanya jambo ambalo sijaliona ofisi nyingine yoyote kuanzia Mpanda hadi Tunduma. Alikuwa anafuma vitambaa vya makochi wakati wa chakula cha mchana. Akachukua nyuzi zake za sufu. Waya wa kibodi akaufunga uzi wa kijani, na pembeni ya tundu lake akabandika fundo la kijani. Mausi, nyekundu kwa nyekundu. Skrini, buluu kwa buluu. Printa, njano kwa njano. Umeme, mweusi kwa mweusi. Tangu siku hiyo hata mfagiaji aliweza kuiunga mashine. Wageni walicheka wakisema kompyuta yetu imesukwa nywele. Wacheke. Miaka michache baadaye zikaja mashine mpya kutoka ng'ambo, matundu yamepakwa rangi kiwandani, hili zambarau, lile kijani. Nani aliwauzia wazo hilo? Sisi hatujaletewa hata barua ya shukrani.

Kuhusu radi sina haja ya kuwaeleza watu wa Sumbawanga. Mama Kristiana alikuwa na sheria moja: wingu likisimama upande wa milima ya Mbizi, waya wa simu unachomolewa, hata kama meneja anasubiri ujumbe. Meneja wetu, Bwana Gabriel, alikuwa akinung'unika, "Mama, wingu liko mbali hilo." Anajibiwa, "Wewe liko mbali nawe, mwanangu. Waya haujui umbali." Kisha radi ikaja kweli. Nilikuwa mlangoni, nikaiona kwa macho yangu haya ikiingia kwa waya wa simu, ikafika ukutani, ikatafuta tundu, haikulipata, ikageuka ikatokea dirishani. Waya ukaungua ukabaki mkaa. Mashine haikupata hata mkwaruzo. Ofisi ya jirani, ambayo siitaji, walizika yao.

Mwaka 2001 tulinunua printa mpya ya wino. Plagi yake ilikuwa bapa, na mgongo mzima wa mashine yetu haukuwa na tundu bapa hata moja. Bwana Gabriel akasema mashine imezeeka, ikae stoo. Mama Kristiana akampigia simu Theodory, wakazungumza kwa kelele mpaka mtaa mzima ukajifunza. Theodory akamwambia atazame nyuma, chini ya matundu yote, ataona vibati vyembamba vimefungwa kwa skrubu moja moja. Kila kibati ni mlango wa nafasi ya akiba. Aliyeiunda mashine alijua kesho kutakuja kitu ambacho yeye hakijui, akaacha viti vitupu. Kadi ndogo yenye matundu bapa ikaletwa na basi. Mama Kristiana akashika bisibisi, mimi nikashika tochi, na bila tochi hakuna kazi. Kibati kikatoka, kadi ikakandamizwa mpaka ikakaa, uzi wa njano ukahamia kwenye waya mpya, printa ikatoa karatasi safi. Mashine iliyokuwa iende stoo ikatuchapia risiti, mikataba na barua za kuwadai walanguzi kwa miaka mitatu mingine. Bwana Gabriel siku ile alicheka akamwita profesa. Nampa haki yake, alicheka vizuri.

Sasa tufike kwenye hasira.

Mwezi wa tatu, kamati ya ushirika iliamua mbele yetu sote kwamba Mama Kristiana akistaafu apewe mashine ile pamoja na printa yake. Tulipiga makofi. Yeye hakungoja. Akaenda kupanga kibanda mtaa wa Chanji, jirani na shule. Akapaka chokaa. Akaweka kibao: "Kristiana, Tunachapa na Kutoa Nakala." Walimu wakamwahidi mitihani ya muhula. Hiyo ndiyo kazi atakayokula nayo. Mume hana, mgongo wake wa jembe umeisha, na mafao mnajua yanavyotembea.

Jumamosi iliyopita tulikwenda na mkokoteni kuichukua. Akaizungusha, kama kawaida yake, aangalie mgongo. Kibodi na skrini vilikuwapo, lakini kwingine nyuma palikuwa na matundu na mafundo ya sufu tu. Waya wa umeme hakuna. Mausi hakuna. Waya wa printa hakuna. Na pale ilipokuwa ile kadi, uwazi mtupu, hata kibati hakikurudishwa, mjusi anachungulia. Yule mwanamke wa sauti kubwa alisema kwa sauti ndogo, "Mjomba, hii ni mashine au ni fuvu?"

Nikazunguka kuuliza. Hakuna aliyekataa! Hilo ndilo lililonichoma. Bwana Gabriel, waya wa umeme uko kwenye birika lake la chai. Akaniambia unaingia vizuri sana. Debora wa mapokezi alichukua mausi, anasema ni kumbukumbu ya Mama, anampenda mno. Evans wa uhasibu alichomoa kadi kwa ajili ya kompyuta ya shemeji yake. "Mjomba, ni kadi tu, boksi si amepewa lote?" Na dereva Shedrack nilimkuta anafungia gunia la mchele wa Mtowisa kwenye karia ya baiskeli kwa waya wa printa, uzi wa njano unapepea. "Kamba nzuri hii, Mjomba, hailegei."

Wamefanya kama tunavyofanya siku zote. Hapa kwetu kitu kikitoka ofisini, kila idara hupata fungu. Ile pikapu bovu ilipoondoka, gereji walichukua taa, mapokezi kioo, ghala turubai. Ng'ombe wa sikukuu tunamgawa hivyo hivyo, kidari kwa wazee, shingo kwa madereva. Lakini pikapu ilikuwa imekufa, na ng'ombe tunamchinja kwanza. Mashine hii ilikuwa hai! Waya tu, kadi tu, mausi tu. Nimwambie Evans: koo lako nalo ni bomba tu, tukupe kidari bila koo uone kama utashiba. Boksi lisilo na cha kuingilia wala cha kutokea ni kiti cha kuwekea kuku. Nanyi mmempa mwanamke aliyewatumikia miaka ishirini kiti cha kuwekea kuku, mkampigia makofi!

Na msiniambie ofisi ilihitaji. Zile kompyuta mpya zilizoletwa kuchukua nafasi yake zimefungwa kwenye makasha yake zinasubiri mgeni rasmi azizindue, kila moja na nyaya zake mfukoni. Wengine wamedhani soko huria maana yake kila aliye karibu na kitu akichukue. Soko lina mnunuzi na muuzaji. Hili lenu lina jina jingine, na kwa kuwa mgeni rasmi ataisoma karatasi hii, siliandiki.

Basi utaratibu wa leo ni huu, na sikuiuliza kamati. Ng'ombe nimemchinja mimi na kisu cha kugawa ninacho mimi. Mashine itakuwa mezani mbele, imewapa mgongo. Baada ya sala na kabla ya chakula, mwenye kiungo atakuja, atakitia kwenye tundu lake mwenyewe, rangi kwa rangi, hakuna wa kumsaidia, Mama Kristiana amesimama pembeni. Evans aje na bisibisi. Kadi haitupwi ndani kama muhogo kwenye kapu, inakandamizwa ikakaa, inafungwa skrubu. Debora, mkumbuke Mama kwa moyo, mausi rudisha. Shedrack, mchele wako nitakupa kamba ya katani, nzuri kuliko hiyo. Bwana Gabriel, wewe ni wa mwisho, kwa sababu bila waya wako hakuna kitakachowaka, na chai ya leo tumeipika kwa kuni. Aliyeunga atapita kwangu na sahani, na kwa heshima ya jina langu atapata nyama ya mfupa na ya steki. Ambaye hajaunga atapata ugali na salamu.

Mama Kristiana, umetuchapia kila kitu, mpaka barua za kutupunguza kazi, nazo hazikuwa na kosa hata moja. Umetufundisha kwamba kila waya una mahali pake na kila mashine imeachiwa nafasi ya kesho. Ushirika unakushukuru, na ghala linakushukuru mara mbili. Nenda Chanji, mlango wako uingie wateja, mawingu ya Mbizi yakupitie mbali, wajukuu wasiguse nyuzi zako.

Mstari wa mwisho wa wasifu huu sijauandika. Nimeuacha wazi hapo chini, kwenye kila nakala. Mashine ikiwaka, Mama Kristiana atauchapa mwenyewe mbele yetu, printa iutoe, na kila mtu aubandike kwenye yake. Isipowaka, nendeni nayo nyumbani hivyo hivyo ikiwa na pengo, na mtoto akiuliza hapa paliandikwa nini, mwambieni ukweli.

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . . .